Upepo wa Sitaha ya Mabehewa

Asubuhi ile bandari ya Picton ilikuwa shwari. Maji ya ghuba yalitulia kabisa, moshi wa nyumba za kilimani ulipanda wima, na kichwa cha treni kilikuwa kikisukuma mabehewa ya kondoo taratibu kupitia mlango wa nyuma wa meli Arawhenua. Kwenye kantini ya abiria Merania Tākarei alikuwa ameshawasha birika kubwa la umeme na kupanga pai za nyama katika kabati la moto. Sitaha moja chini ya miguu yake tufani ilikuwa ikivuma, naye aliviegemeza vikombe ukutani visigongane.

Tūroa, mmoja wa wafunga mabehewa, alipanda ngazi kuchukua chai ya wenzake. Alivaa koti la mpira lililofika magotini, na kofia yake ya mvua alikuwa ameifunga kidevuni. Maji ya chumvi yalimchuruzika na kutapakaa kwenye sakafu ambayo Merania alikuwa ametoka kuipiga deki. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Umenichafulia tena," Merania alisema.

"Nisamehe, dada. Nitauambia upepo uwe unafuta miguu."

"Na huo upepo umeamkaje leo?"

"Vibaya. Umemng'oa kondoo mmoja sufu ya ubavu mzima. Ametulia tu, anatutazama kama sisi ndio wenye makosa."

Alichukua trei akashuka. Mlango wa chini ulipofunguliwa, kishindo kilijaa kantini nzima, na abiria mmoja mzee akashika kofia yake bila kuacha kusoma gazeti.

Upepo ule uliingia melini majira ya baridi ya mwaka uliopita, siku aliyokufa Hoani, mdogo wake Merania. Ulikuwa upepo wa kusini, ule unaotoka kwenye barafu na kuchora njia nyeupe juu ya maji mpaka mlango-bahari. Mabehewa ya reli ya kushoto yalikatika minyororo, na moja likambana Hoani kwenye ukuta wa meli. Walipofika Wellington, ng'ambo ya pili, walifungua mlango wa nyuma, wakayatoa mabehewa, wakamtoa na Hoani. Kesho yake bahari ilitulia. Lakini kwenye sitaha ya mabehewa upepo haukutoka. Fundi alikagua mabati kipande kwa kipande, akasema hakuna tundu hata la sindano. Kampuni ikanunua makoti ya mpira na kuamuru taa zifungwe nyavu, na safari zikaendelea.

Watu wakauzoea. Walioajiriwa kufunga mabehewa walijifunza kutembea wameinama, mkono mmoja ukiwa kwenye mnyororo muda wote, hata meli ikiwa imefungwa gatini na watoto wanavua samaki kando yake. Mawimbi yalipiga humo ndani yakatoka povu, kisha yakaisha bila kuonekana yalikokwenda. Kondoo walishuka Wellington wamelowa upande mmoja. Wenye karatasi za magazeti walilalamika kuwa mizigo yao inafika imelowa, wakajibiwa kwamba bahari ina maji.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo halikuzungumzwa gatini. Meli ikitoka Picton husafiri kwanza katikati ya vilima, kwenye maji yaliyotulia, mpaka inapofika mdomo wa mkondo wa Tory na kukabili bahari wazi. Hapo, kila safari, simu ya ukutani kwenye sitaha ya mabehewa ilijiinua, na sauti ya Hoani ikasikika ndani ya upepo.

"Kapteni, minyororo ya kushoto inakatika. Geuza meli iyakabili mawimbi, tupate nafasi ya kufunga upya."

Kisha, kutoka kwenye simu, sauti ya Nahodha Strachan ikajibu, tulivu, kama ya mtu anayeagiza chumvi mezani: "Tumeshachelewa, Hoani. Endeleeni."

Wakati huohuo, juu kwenye chumba cha usukani, simu ililia kweli. Nahodha Strachan aliyekuwa hai, mwenye nywele za kijivu na viatu vilivyong'arishwa, aliiinua, akasikiliza, akairudisha.

Merania aliyasikia mazungumzo hayo kupitia bomba la hewa lililopita nyuma ya sinki lake. Mara ya kwanza alikata kidole kwa kisu cha mkate. Baadaye alizoea kuzima birika kabla ya kufika Tory, ili lisimfunike mdogo wake kwa kuchemka kwake.

Uchunguzi wa kifo ulifanyika Picton. Uliongozwa na Bwana Aldridge, mtu mpole mwenye pua ndefu, aliyesema kuanzia mwanzo kwamba anataka kujiridhisha kwa macho yake. Taarifa ya meli ilisema hali ya hewa siku ile ilikuwa ya wastani. Nahodha alisema hakuna aliyempigia simu. Basi Bwana Aldridge akapanda meli, akavalishwa koti, akashuka kwenye sitaha ya mabehewa akiwa na kipima upepo cha mkononi.

Alikaa huko mpaka walipopita Tory. Aliporudi juu hakuwa na kofia wala kipima upepo, na tai yake ilikuwa imejisokota nyuma ya shingo. Merania alimpa taulo na kikombe cha chai.

"Sukari?"

"Vijiko viwili, tafadhali." Chai ilimmwagikia kwenye kisahani. "Wewe ndiwe dada yake?"

"Ndiyo, bwana."

"Ana sauti nzuri. Inasikika wazi."

"Alikuwa akiimba kanisani."

Bwana Aldridge alikunywa chai yake yote. Merania akaamini, mchana ule na usiku wake, kwamba mambo yatanyooka. Alimwambia hivyo mama yao, Mama Kuini, walipokuwa wakiosha kome nyumbani kwao Waikawa. Mama Kuini aliendelea kukwangua magamba.

Siku ya uamuzi mama alivaa nguo yake nyeusi na kukaa mbele kabisa. Bwana Aldridge alisoma akiwa ameinamisha kichwa. Alisema upepo aliouona ulikuwa mkali kupita wastani, lakini ulikuwa upepo wa tarehe aliyoukuta, na yeye aliitwa kuchunguza tarehe nyingine. Alisema ameisikia sauti, lakini sauti haikuapa. Kwa hiyo alibaki na taarifa ya meli. Marehemu hakukaza minyororo kama ilivyompasa.

"Kwa hiyo mwanangu ni mzembe," alisema Mama Kuini. Hakusimama.

"Sikutumia neno hilo, mama."

"Ulilizunguka tu. Tumeliona."

Baada ya hapo kampuni ilitoa agizo kwa maofisa wa meli. Simu kutoka sitaha ya mabehewa ikilia kwenye mdomo wa Tory, isiinuliwe. Ililia sana, ikawachosha wanaoshika usukani, na isitoshe jambo lenyewe lilikuwa limeshaamuliwa.

Nahodha Strachan hakuwa mtu wa kelele. Aliendelea kushuka kantini kila siku kunywa chai, akasema ahsante, akaweka kikombe kitupu mahali pake. Hakumtazama Merania juu ya kola ya shati. Merania alimhudumia kama alivyohudumia wengine. Usiku alijiuliza kwa nini hamwagii chai ya moto kifuani, na asubuhi akampikia nyingine.

Mwishoni mwa majira ya baridi yaliyofuata upepo wa kusini wa kweli ulikuja, wa nje. Redio ilianza kuutaja tangu jana yake. Boti za wavuvi zilirudi ghubani na kufungwa kamba mbili mbili. Lakini Wellington kulikuwa na mechi kubwa ya raga, meli ilijaa watu wenye skafu shingoni, na gatini mabehewa ya saruji yalikuwa yakingoja tangu juzi. Merania aliwaona maofisa wawili wa kampuni wakiongea na nahodha kando ya ngazi. Nahodha alitazama angani, akatazama saa yake, akatikisa kichwa kukubali.

Tūroa alipopanda kuchukua chai hakufanya mzaha.

"Leo mna watu wangapi chini?" Merania alimuuliza.

"Wachache. Wawili wamesema ni wagonjwa. Wana akili."

"Na minyororo?"

"Ni ileile, dada. Tuliomba mingine tangu Hoani alipokuwa hai." Akashika trei, kisha akaiweka tena kaunta. "Ukisikia kitu kwenye bomba lako, usikilize vizuri. Mle ndani siku hizi hata sisi wenyewe hatujui upepo gani ni wa nani."

"Nitasikiliza."

Kati ya vilima safari ilikuwa tulivu, na wenye skafu waliimba na kununua pai. Merania alifunga vikombe kwa taulo, akafunga kabati kwa kamba, akazima birika mapema. Vilima vilipoanza kupungua aliona kwa dirisha mstari mweupe mbele, na nyuma ya mstari huo bahari iliyoinuka kama ukuta wa udongo.

Meli ikatoka nje. Tofauti aliihisi magotini. Tufani ya Hoani ilitikisa sakafu tu. Hii ililala na meli nzima upande wa kushoto, ikaishikilia hapo, ikafikiri, ndipo ikairudisha. Nyimbo zilikoma. Mtoto alitapika kwenye skafu ya baba yake. Taulo lilifunguka, vikombe vikamwagika sakafuni kwa mfululizo.

Kwenye bomba sauti ya Hoani ilikuja kwa wakati wake, na maneno yake, na jibu lake. Merania hakuondoka. Aliweka sikio kwenye bati.

Kisha akasikia sauti nyingine, karibu sawa na ile, ikihema.

"Kapteni, ni Tūroa. Si Hoani. Ni mimi Tūroa, niko hai. Behewa la saruji la kulia limeng'oka, lina nafasi ya kutembea. Geuza meli. Inua simu, kapteni."

Juu simu ililia. Merania aliisikia kupitia bomba lilelile, mbali, kama kengele ya nyumba ya jirani. Ililia, ikalia. Alifahamu kwamba hakuna mkono utakaoigusa.

Akaruka kaunta. Alipanda ngazi za maofisa akishika kwa mikono yote miwili, akasukuma mlango uliokatazwa kwa wahudumu wa kantini, akaingia chumba cha usukani.

Nahodha Strachan alikuwa amesimama miguu imepanuka, akitazama mbele. Kando yake mshika usukani alikuwa amekaza meno. Simu ililia ukutani katikati yao, na wote wawili waliiacha kama watu wanavyoiacha redio ya mtu mwingine.

"Bibi Merania," nahodha alisema, "hapa hamruhusiwi."

"Inua simu."

"Inalia kila siku. Unajua hivyo kuliko mtu yeyote."

"Hoani ameshamaliza kupiga. Anayepiga sasa ni Tūroa."

"Umejuaje?"

"Nimemsikia."

"Na Hoani pia unamsikia."

"Ndiyo. Nawe ulimsikia siku ile."

Mshika usukani aliangalia dira kama vile ndiyo kwanza imewekwa pale. Meli ililala tena kushoto. Kitu kizito kilisogea chini, polepole, kikakwaruza, kikasimama. Nahodha alitazama saa iliyokuwa juu ya dirisha. Merania aliinyakua simu mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na upepo mwingi na pumzi ya mtu. Alinyoosha mkono, akampa nahodha.

Strachan aliipokea. Aliiweka sikioni. Merania aliona kwamba alitaka kusema kitu, na huenda kilikuwa kitu kizuri. Lakini mdomo wake ulikuwa umelitamka jibu moja mara nyingi mno kule chini, safari baada ya safari, mwaka mzima, na ukawa haujui jingine.

"Tumeshachelewa," alisema. "Endeleeni."

Alishangaa kujisikia. Akaishusha simu akaitazama. Baada ya hapo akamwambia mshika usukani ageuze kulia, kwa sauti ndogo, ikabidi aulizwe tena. Aliporudia amri, kishindo kilikuwa kimeshakuja kutoka chini, na ukelele mfupi uliofuata Merania hakuusikia kwa bomba. Aliusikia kwa miguu.

Tūroa hakufa. Walimkuta amelala juu ya saruji iliyomwagika na kuanza kuganda kwa maji ya chumvi, mkono wa kulia umebanwa chini ya kiwiko. Walimtoa kwa jeki. Merania alikaa naye sakafuni mpaka Wellington, ameshika kichwa chake mapajani huku pepo zote mbili, wa nje na wa ndani, zikiwapita juu.

"Nilisema jina langu," Tūroa alimwambia.

"Nimelisikia."

"Nilisema mara mbili."

"Nyamaza, kaka. Nimelisikia."

Wenye skafu waliiwahi mechi.

Uchunguzi wa safari hii haukuwa mrefu. Bwana Aldridge hakuona haja ya kushuka tena chini. Alikuwa na mafua yasiyoisha. Taarifa ya meli ilisema hali ya hewa ilikuwa ya wastani. Ilikubalika kwamba Tūroa alipiga simu, ila alipiga katika muda unaofahamika kuwa wa marehemu, na hakuchukua hatua za kutosha kujitofautisha naye. Tūroa, mkono wake umekatwa na kufungwa bendeji, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anaweza kwenda.

Bahari ya nje ilitulia. Kwenye sitaha ya mabehewa sasa kulikuwa na pepo mbili, mmoja wa reli ya kushoto na mwingine wa kulia, na katikati palikuwa na njia nyembamba ambapo mtu angeweza kutembea karibu wima akijua anachofanya. Makoti mengine ya mpira yaliagizwa. Minyororo ilibaki ileile.

Simu kwenye mdomo wa Tory ilianza kulia mara mbili, ya Hoani kwanza, kisha ya Tūroa, ingawa Tūroa mwenyewe alikuwa nyumbani Waikawa akijifunza kufungua kome kwa mkono mmoja. Nahodha Strachan alistaafu akapewa chakula cha jioni. Nahodha aliyemrithi, kijana mwenye adabu, alisema hawezi kuongoza meli penye kelele kama ile. Kampuni ikatuma fundi. Fundi aliufuata waya kutoka sitaha ya mabehewa mpaka chumba cha usukani, akaukata, akaupitisha kwingine, na kuning'iniza simu nyeusi ukutani kwenye kantini, kati ya birika na kabati la pai.

"Wamesema wewe hutasumbuka," fundi alimwambia Merania. "Una mazoea nao."

"Na wakiwa na shida ya kweli?"

Fundi alifikiri. "Watapata wa kuwapokea, angalau."

Basi Merania akawa anapokea. Simu ikilia aliifuta mikono, akainua.

"Kapteni," Hoani alisema, "minyororo ya kushoto inakatika."

"Si kapteni. Ni dada yako."

Upepo tu ulisikika kwa muda, kisha Hoani akaanza tena tangu mwanzo, kwa kuwa hakuwa na maneno mengine. Merania alimsikiliza mpaka mwisho. Mahali pale pa jibu la nahodha alisema jambo lake mwenyewe: kwamba mama amepanda viazi, kwamba paa limezibwa, kwamba mama hajawahi kumwita mzembe. Halafu akakata, akangoja ya pili, akamsikiliza Tūroa akijitaja jina. Abiria wa mara kwa mara walijua wasiagize chochote mpaka amalize.

Majira ya baridi yakarudi. Siku moja, nje kukiwa na mawimbi makubwa, alipokea ya Hoani na ya Tūroa. Alikuwa ameshashika birika simu ilipolia mara ya tatu; akainua, akamsikia mtu mwingine.

"Kapteni, ni Rangiātea hapa. Nimeanza kazi Jumatatu. Mnyororo wa mbele umekatika, naona wa pili nao unavutika. Tugeuze meli, tafadhali."

Merania alitupa birika. Aliziendea ngazi za maofisa akakuta mlango wa juu umefungwa kwa kufuli, kama ulivyofungwa tangu siku ile alipoingia bila ruhusa. Aliugonga kwa ngumi, akaugonga kwa kiatu. Kutoka ndani nahodha kijana alisema kwa upole kwamba huduma za chai zitapokelewa wakishaingia bandarini.

Akarudi. Simu ilikuwa inaning'inia kwa waya wake, na mtu yule alikuwa bado anaongea humo. Merania aliishika kwa mikono miwili.

"Rangiātea," alisema. "Nakusikia."

"Meli inageuka?"

Aliwatazama abiria. Walikuwa wamejipanga kwenye foleni, wameshikana mabega kwa sababu ya mawimbi, pesa zikiwa mkononi.

"Anaitwa Rangiātea," aliwaambia kwa sauti, ili wote wasikie. "Ameanza Jumatatu."

Wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa watu wastaarabu, wakaendelea kungoja chai yao.